Unyenyekevu si Unyonge



Katika migomba inayotuzunguka hapa Tengeru, ule uliobeba mkungu mzito ndio unaoinama. Usio na kitu husimama wima. Ndivyo alivyo Mkristo aliyekomaa: kadiri anavyojaliwa cheo, elimu au mali, ndivyo anavyopaswa kuinama zaidi.

Hata hivyo, limezoeleka kosa miongoni mwetu la kumhubiria unyenyekevu mnyonge, na kumwacha mwenye kiti na kiburi chake. Mjane akiuliza habari ya shamba lake, huambiwa avumilie. Kijana akiuliza hesabu za michango, huambiwa ana majivuno. Huo sio unyenyekevu wa Injili.

Tukumbuke yaliyotokea upande wa pili wa mlima wetu. Mwishoni mwa mwaka 1951, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, ili walowezi wa Kizungu wapate eneo la kufugia. Nyumba zilichomwa moto. Wameru walikuwa wamekwisha kusema hapana, lakini wenye mamlaka walijiona wanayajua manufaa ya Wameru kuliko Wameru wenyewe. Hicho ndicho kiburi katika sura yake halisi: kuamua juu ya maisha ya mwenzako bila kumsikiliza.

Nao walioonewa walifanya nini? Hawakushika silaha, wala hawakunyamaza. Walichanga fedha zao, na mwaka 1952 wakamtuma mwenzao, Kirilo Japhet, mpaka New York, akaeleze shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa ardhi yao mwaka ule, lakini ulimwengu ulisikia. Kudai haki bila chuki hakupingani na unyenyekevu. Bwana wetu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya Kuhani Mkuu, hakurudisha kofi; lakini aliuliza sababu ya kupigwa (Yohane 18:23).

Wakoloni wameondoka, lakini kiburi kile hakikuondoka nao. Kimo ndani yetu pale mwenyekiti wa jumuiya anapokuja kikaoni na uamuzi uliokwisha kufanywa. Pale mchango wa tajiri unapotangazwa kwa vigelegele na ule wa mama muuza ndizi unapopita kimya. Pale baba anapogawa urithi bila kuwasikiliza mkewe na binti zake. Kimo pia ndani ya yule anayejisifu moyoni kwamba yeye hana kiburi, kama Farisayo aliyesali hekaluni akimtazama mtoza ushuru (Luka 18:9-14).

Katika karamu ya mwisho, aliyeinama kuosha miguu alikuwa Mwalimu na Bwana (Yohane 13). Basi kuinama kuanzie kwa aliye juu. Viongozi wa walei, tunawaomba mambo matatu: someni hesabu mbele ya waamini bila kungoja kuulizwa, katika kila kikao, mpeni nafasi ya kwanza yule ambaye kwa kawaida hasikiki, na mkikosea, semeni mbele ya watu wote kwamba mmekosea.

Nawe uliyezoea kunyamaza, usidhani kwamba kimya chako ni fadhila daima. Sema kweli kwa upole, ukimheshimu unayemwambia. Amani ya kweli itajengwa hapo, kati ya mkubwa anayesikiliza na mdogo asiyeogopa kusema.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.