Bibi Asiachiwe Mchuzi Peke Yake

Ndugu msomaji, tazama nyumbani kwako siku ya sikukuu. Kuku wa kienyeji amechinjwa, ugali wa uwele umesongwa, watoto wanagombea paja. Bibi amekaa pembeni na bakuli la mchuzi. Ukimwuliza, atasema ameshiba. Hajashiba. Meno yake ya bandia ameyafunga kwenye kitambaa na kuyaweka sandukuni, kwa sababu yale ya chini yanacheza kinywani kila akitafuna.

Tumezoea kusema, "Ndio uzee huo." Maoni yangu ni kwamba tunakosea. Mzee asiyeweza kutafuna huacha nyama, karanga na matunda, akabaki na uji. Hatimaye huacha hata kuzungumza mbele za watu, akiogopa meno yasimdondoke.

Kwa nini meno ya chini ndiyo husumbua zaidi? Yale ya juu hushikamana na kaakaa, ambalo ni pana. Ya chini hukalia ukingo mwembamba wa fizi, na ulimi unayasukuma kila mara. Tena jino likishang'olewa, mfupa wa taya hupungua, hasa katika mwaka wa kwanza, na huendelea kupungua polepole. Ndiyo maana seti iliyomkaa vema zamani, leo ni kama kiatu cha mtu mwingine.

Ipo njia nyingine. Daktari wa meno humpiga mgonjwa ganzi, kisha huweka ndani ya mfupa wa taya skrubu ndogo za madini ya titani, zikae mahali pa mizizi. Baada ya miezi kadhaa mfupa hushikamana nazo. Hapo meno ya bandia hubanwa juu yake kama vishikizo vya kubonyeza vya gauni, na mwenyewe huweza kuyavua na kuyasafisha. Mtaalamu Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa skrubu hizi mwaka 1965. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitamka kwamba kwa mtu asiye na jino hata moja chini, skrubu 2 za kushikia meno ya bandia ziwe chaguo la kwanza.

Je, tuuze ng'ombe na kukimbilia Dar es Salaam? La, tusiwe na pupa. Huduma hii ni ghali, hutolewa zaidi katika miji mikubwa, nayo haimaliziki kwa safari moja. Vipira vya kubania huchakaa na kubadilishwa. Ushauri wangu ni kupanda ngazi kwa hatua.

Kwanza, tulinde meno tuliyozaliwa nayo. Hapa Singida maji ya visima vingi yana madini ya floridi, na wengi wetu tuna meno ya kahawia. Rangi hiyo peke yake si kuoza, wala si sababu ya kung'oa. Jino lililotoboka lizibwe mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, bibi apelekwe kwa daktari wa meno pamoja na seti yake ya zamani. Mara nyingi huweza kuongezewa tabaka jipya upande wa fizi, au kutengenezewa nyingine inayomkaa. Kwa wazee wengi hilo latosha.

Tatu, ikiwa seti ya chini iliyotengenezwa vizuri bado inacheza, na familia ina uwezo, ndipo tuulize habari za skrubu 2 za chini. Si lazima kuziweka kinywa kizima. Tusingoje miaka mingi, maana mfupa ukipungua sana kazi huwa ngumu. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa na mvuta sigara wamweleze daktari ukweli, kwani skrubu zao zina hatari kubwa zaidi ya kutoshika. Kabla ya kulipa, ulizeni: gharama yote ni kiasi gani, safari ni ngapi, na skrubu ikilegea nani ataitengeneza?

Meno ya bandia ya aina zote mbili yavuliwe usiku, yasuguliwe kwa brashi, na yalazwe katika maji safi yasiyo ya moto. Fizi, na skrubu kama zipo, zisafishwe kila siku.

Nanyi vijana mlioko mijini, kila mwaka mnamletea bibi kitenge. Ni vizuri. Lakini safari hii kaeni naye, mwombeni afungue kinywa, mtazame. Kisha shaurianeni ndugu wote, kila mmoja achangie alicho nacho. Kitenge cha mwaka huu kinaweza kungoja. Bibi amengoja vya kutosha.