Wakili Stephens na jiwe lake la pembeni



Juma lililopita katika saa ya historia tulibishana sana juu ya mtu mmoja, Alexander Stephens, wakili wa Georgia, kusini ya Marekani. Mwenzetu mmoja alisema: "Musimuhukumu, alikuwa mtu wa wakati wake." Kengele ikalia, sisi tukabaki na jibu mdomoni. Tunalitoa hapa.

Kwanza tukubali: maisha yake yanatugusa sisi wa bursi. Alizaliwa 1812, mama akafa yeye angali mtoto mchanga, na baba akafa 1826. Mwili wake ulikuwa zaifu. Hata alipokuwa mtu mzima hakufika kilo 50. Wapresbiteri ndio walimsaidia kulipa masomo, wakitumaini atakuwa mchungaji. Alipoona hana wito huo, aliwarudishia feza yao. Alimaliza 1832, wa kwanza katika darasa lake, akafundisha shule muda kidogo, na 1834 akawa wakili. Toka 1843 mpaka 1859 alikaa katika Bunge kule Washington, na mle alifanya urafiki na Abraham Lincoln. Kijana wa namna hii, nani asingemsifu?

Lakini kwa feza ya kazi yake alijipatia mashamba, na watu vilevile. Kabla ya vita alikuwa na watumwa zaidi ya 30. Mwanzo wa 1861 alisema Georgia isijitenge. Shauri lake liliposhindwa, aliweka sahihi pamoja na wengine, naye akafanywa makamu wa rais wa yale majimbo yaliyojitenga. Tarehe 21 Machi 1861, katika mji wa Savannah, akatoa hotuba. Alisema serikali yao mpya iko na msingi na jiwe la pembeni, nalo ni hili: mtu mweusi hayuko sawa na mweupe, utumwa ndio hali yake. Halafu akachukua neno la Zaburi, la jiwe walilolikataa waashi, akalibandika juu ya utumwa! Darasa lote lilinyamaza.

Sasa, ile ya "wakati wake". Katika hotuba ileile Stephens mwenyewe anaeleza kwamba Jefferson na wakubwa wengi wa zamani waliona utumwa ni kosa. Anasema walipotea. Kumbe alijua! Na Lincoln, aliyezaliwa 1809, alimwandikia Desemba 1860: ninyi mnaona utumwa ni haki na unafaa kuenezwa, sisi tunaona ni ubaya na unafaa kuzuiwa. Wakati ni ule ule mmoja, na urafiki ulikuwapo.

Vita vikaisha 1865, akafungwa miezi kama mitano kule Boston. Na hapa ndipo panatuuma zaidi. Kati ya 1868 na 1870 alitoa kitabu cha volumu mbili: eti walipigana juu ya haki za majimbo, utumwa haukuwa neno kubwa. Na Savannah je? Ni akili ileile, ile waumini waliyoisomesha. Wazungu wa kwao hawakumkataa: alirudi Bunge 1873, akawa guverneri wa Georgia 1882, akafa kazini Machi 1883. Mwaka 1927 Georgia walimweka sanamu ya marumaru ndani ya jumba la Bunge.

Mwenzetu angali anasimama palepale. Vema, aandike. Ukurasa huu uko wazi kwake katika namba inayofuata.