Gundi ya Muhogo na Kitabu cha Picha

Na Mwajuma Kibwana

Kijiko kikubwa cha unga wa muhogo hukorogwa kwenye maji baridi, kisha humiminwa polepole katika sufuria ya maji yanayochemka, mwiko usipumzike. Dakika chache tu na ule uji mweupe unaanza kuvuta na kung'aa. Ukipoa, tayari ni gundi. Kwa shule ya Kisarawe, wilaya ya mihogo na mikorosho, hakuna sababu ya mwalimu kusubiri gundi ya dukani ndipo afundishe kolaji, yaani picha ya kubandika vipande.

Mkasi nao si lazima. Msanii Leo Lionni alikuwa safarini kwenye treni huko Marekani na wajukuu zake wawili, watundu hawatulii. Akachana vipande vya buluu na njano kutoka kwenye jarida la Life, akaanza kuwasimulia hadithi. Mwaka 1959 hadithi ile ikatoka kitabu. Miaka 10 baadaye mchoraji wa vitabu vya watoto Eric Carle akamtoa kiwavi wake mlafi, aliyeundwa kwa karatasi nyembamba alizozipaka rangi mwenyewe, akazikata na kuzibandika.

Karibu zaidi na nyumbani yupo mchoraji wa vitabu vya watoto John Kilaka, mzaliwa wa Rukwa aliyepitia sanaa ya Tingatinga. Yeye huchora kwa rangi, habandiki, lakini wanyama wake wamevaa mashati na nguo za maua kama watu wa sokoni. Hapo pana somo zima. Mtoto akishamtazama mnyama wa Kilaka, apewe kipande cha kitenge kilichoanguka chini ya cherehani ya fundi, amvishe sungura wake. Atauliza mwenyewe: mkono unaanzia wapi? Sikio la nyuma linaonekana au limefichwa? Atarudi kwenye kitabu kutazama tena, na kutazama kwa namna hiyo ndiko kusoma kunakoanzia.

Kinachouma ni mazoea ya madarasa mengi: mwalimu anachora ua ubaoni, darasa zima linanakili ua lile lile, na alama zinakwenda kwa aliyelifananisha. Mtaala ulioanza kutumika 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Somo hilo lisiishie kwenye kunakili.

Vitabu vya kuanzia vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa 1991, umesaidia kuchapisha hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha. Kibaha ina bahati zaidi: Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic miaka ya 1960, lina maktaba. Jumamosi moja kwa mwezi, meza mbili za maktaba hiyo zingetosha kwa watoto, magazeti ya zamani na sufuria ya gundi. (Kitabu chenyewe hakikatwi hata ukurasa, hilo lisemwe mapema.)

Gundi ya muhogo huchacha baada ya siku moja au mbili, hivyo ipikwe ya kutosha kazi ya siku. Picha zianikwe juu kwenye kamba, mende wasizifikie. Zikikauka, kila mtoto asimulie yake, mwalimu aandike chini sentensi ile ile iliyotoka kinywani mwa mtoto. Kisha sindano na uzi: kurasa zishonwe pamoja, kitabu kiingie katika kabati la darasa, kiazimwe kama vingine.