Nyimbo za Kifungoni

Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa mji wetu Dar es Salaam, alifundisha Kiswahili Berlin. Mwaka 1941 serikali ya Wanazi ilimtia kifungoni, naye akafa katika kambi ya Sachsenhausen, Novemba 1944.

Kambini humo Mpolandi Aleksander Kulisiewicz alitunga nyimbo, na za wenziwe akazihifadhi moyoni. Rosebery d'Arguto, Myahudi aliyefundisha kwaya kwa siri, aliuawa Auschwitz, lakini wimbo wake haukufa naye. Kulisiewicz alipofunguliwa mwaka 1945, hali mgonjwa kitandani, alimtajia muuguzi maneno ya nyimbo, naye akayaandika, kurasa mamia.

Hivyo mtu mmoja aliwarudishia wafu sauti zao. Basi, wazazi wa Temeke na Kinondoni, mtajeni Husen kwa watoto wenu, jina lake lisipotee.