Mdudu si Takataka

Wako watu wengi, na miongoni mwao wamo waliosoma, wanenao kwamba mdudu ni mdudu tu: akiwapo hana faida, na akitoweka hapana hasara. Twawasikia barazani, twawasikia hata madarasani. Sisi twasema neno hili si kweli, tena ni la hatari. Na tusidhaniwe twabisha bure, twaleta ushahidi wa kisiwa kimoja, msomaji aupime mwenyewe.

Katika Bahari ya Hindi, kusini ya Java mwendo wa kilometa 350 hivi, kiko Kisiwa cha Krismasi, ambacho ni milki ya Australia. Eneo lake ni kilometa za mraba 135, na sehemu kubwa ni msitu wa mvua. Mlinzi wa msitu huo si simba wala chui, bali ni kaa mwekundu wa nchi kavu. Na kaa ni ndugu wa wadudu, buibui na jongoo, maana wote wana gamba kwa nje na miguu yenye viungo. Kaa hao walihesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Hula majani yaangukayo, hula mbegu na miche, huchimba mashimo na kurutubisha udongo. Kwa kazi yao chini ya miti palikuwa peupe kama ua uliofagiwa.

Sasa tazama. Kati ya mwaka 1915 na 1934 sisimizi wa manjano waliingia kisiwani pasipo mtu kukusudia. Waingereza huwaita wenda wazimu, kwa jinsi wanavyokimbia huku na huku wakisumbuliwa. Miaka mingi walikaa kimya, wala hapana aliyewajali. Si sisimizi tu! Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka 1989 lilionekana kundi lao kubwa la kwanza, lenye malkia wengi wasiopigana. Sisimizi hawa humrushia kaa tindikali, wakampofusha na kumwua. Ilipofika mwaka 2002 makundi hayo yalikuwa yameenea hekta 2,500 hivi, na kaa waliokufa wakakadiriwa kuwa milioni 10 hadi 15.

Nguvu hiyo waliipata wapi? Juu ya miti yuko kidudu kingine mgeni, ambaye huganda tawini kama gamba, akanyonya utomvu na kutoa maji matamu. Sisimizi huyanywa maji hayo, nao humlinda aliyewalisha. Basi hawa wawili wakaongezeka pamoja. Maji matamu yakadondoka juu ya majani, yakaota ukungu mweusi kama masizi. Miti mikubwa ikanyauka vilele, na mingine ikafa. Huko chini, kwa kuwa kaa hawapo, miche ikasongamana na majani makavu yakarundikana. Wataalamu O'Dowd, Green na Lake waliyaandika haya mwaka 2003, wakaonyesha kwamba msitu hugeuka hivyo kwa mwaka mmoja au miwili tu.

Wala haikuishia hapo. Konokono mkubwa wa pwani yetu ya Afrika ya Mashariki alikwisha kupelekwa kisiwani zamani, lakini msituni hakuweza kukaa, maana kaa walimla. Kaa walipotoweka, mlango ukabaki wazi, naye akaingia.

Mpinzani atasema, "Mmejihukumu wenyewe! Mwovu ni sisimizi. Basi na tuwaue wadudu wote." Twamjibu: uovu haukuwa katika kuwa mdudu, bali katika kuwa mahali pasipokuwa pake, pasipo wa kumzuia. Tena dawa ya kuua ilijaribiwa. Mwaka 2002 chambo chenye sumu kilimwagwa kwa helikopta, na sisimizi wakafa wengi mno. Lakini walirudi, ikabidi kumwaga tena mwaka 2009 na 2012. Hata mwezi wa Desemba 2016 wakafunguliwa nyigu wadogo sana kutoka Malaysia, baada ya kupimwa kwanza kwamba hawatadhuru viumbe wengine wa kisiwa. Nyigu huyu hamgusi sisimizi. Hutaga yai ndani ya kile kidudu cha gamba, na mtoto wake humla; hivyo sisimizi hunyang'anywa chakula. Basi dawa ya mdudu ikawa mdudu. Je, naye ni takataka?

Mwingine atasema, "Hayo ni ya mbali." La, si ya mbali. Sisimizi hao hao wa manjano wako Unguja. Na huko Unguja maji moto, ambao watu huwachoma moto kwa sababu wanauma, ndio wanaolinda minazi na mdudu anyonyaye nazi changa. Mtu awafukuzaye apate kukwea kwa raha leo, kesho asiulize mbona nazi zapukutika.

Kwa hiyo twasema wazi. Achukuaye mche na udongo wake kutoka kisiwa hata kisiwa asikague, amechukua asichokijua. Amwagaye sumu kabla ya kuuliza mdudu yule anafanya kazi gani, amebomoa nyumba kwa kumwinda panya. Na mwalimu afundishaye watoto kwamba wadudu ni wa kupondwa tu, hajafundisha. Watoto na waulizwe kwanza: huyu anakula nini, na nani anamla? Kaa wa Krismasi walikwisha kufa kwa mamilioni. Sisi tungali na nafasi ya kuuliza mapema.