BABA, TUCHONGE GITAA!

Wiki hii tuzungumze habari ya gitaa la umeme, lile la solo ambalo likilia ukumbini hata mzee mwenye mkongojo anaiacha soda yake mezani na kwenda kutikisa bega. Ila sizungumzii gitaa la dukani. Nazungumzia la kuchonga mwenyewe, kwa randa na patasi, mpaka maranda yanajaa sakafuni na mama mwenye nyumba ananuna.

Kilichonichokoza ni barua ya kijana mmoja wa Temeke. Ana miaka 17, anasema anapenda gitaa kuliko wali kuku, lakini akienda dukani kuuliza bei anarudi nyumbani na homa. Anauliza kama kweli mtu anaweza kujichongea gitaa la umeme likatoa sauti ya maana, au hizo ni stori za kijiweni.

Mdogo wangu, siyo stori. Tena ushahidi wake una undugu na sisi wa pwani.

Freddie Mercury mnamjua. Yule mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza, mzaliwa wa Unguja, ambaye wazazi wake walimpa jina la Farrokh Bulsara. Alizaliwa Septemba 5, 1946 na kufariki Novemba 24, 1991. Sasa siku ukizisikiliza nyimbo zao, tega sikio vizuri. Nyuma ya sauti yake kuna gitaa linalolia kama mtu mwenye shida zake. Mpigaji anaitwa Brian May. Na hilo gitaa, kwa taarifa yako, halikutoka kiwandani. Alilichonga yeye na baba yake, chumbani kwao!

Basi bwana, ilikuwa Agosti 1963. Brian alikuwa na miaka 16, wanaishi Feltham, pembeni mwa jiji la London. Vijana wenzake walikuwa wanaota Fender na Gibson, na yeye pia alikuwa anaziota, lakini hela hakuna. Baba yake, Harold May, alikuwa mtu wa mitambo ya umeme, mwenye mikono isiyotulia. Hata televisheni ya nyumbani kwao aliiunda mwenyewe. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "baba, sina hela ya gitaa", hakupi pole. Anakupa msumeno.

Wakaanza kuokoteza. Shingo ya gitaa ilitoka kwenye mbao ya mkangazi, ile wazungu wanayoiita mahogani, iliyokuwa juu ya meko ya kuotea moto katika nyumba ya rafiki wa familia. Meko ilikuwa inabomolewa, mbao inatupwa. Ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 100 na wadudu walikuwa wameshaitoboa. Brian aliziba matundu kwa njiti za kiberiti, kisha akaichonga ile shingo kwa kisu cha mfukoni mpaka ikakaa vizuri mkononi. Sehemu ya kiwiliwili ilitoka kwenye meza kuukuu ya mti wa mwaloni, kingine ni blokibodi, juu yake wakabandika ngozi nyembamba ya mkangazi ili lipendeze.

Hujaishiwa maajabu. Ule mkono wa chuma unaobonyezwa ili sauti itetemeke uliegemea ncha ya chuma iliyonolewa kama kisu, ukivutwa na springi mbili za valvu za pikipiki ya mwaka 1928. Kwenye ncha ya mkono wakachomeka kipande cha sindano ya kufumia ya mama yake. Vile vidoti vyeupe vya shingoni vinavyomwonyesha mpigaji alipofika ni vifungo vya nguo, navyo vilitoka kwenye boksi la kushonea la huyo huyo mama. Naona mama wa watu alikuwa akitoka sokoni anahesabu vitu vyake kwanza!

Kazi ilichukua zaidi ya mwaka. Gharama yote, kama paundi 8. Na gitaa hilo hilo ndilo alilolipiga Wembley katika onyesho la Live Aid la Julai 13, 1985, na ndilo alilopanda nalo juu ya paa la jumba la Malkia Elizabeth mwaka 2002 kuupiga wimbo wa taifa lao. Mbao iliyokuwa inasubiri kuchomwa moto, imefika juu ya paa la Malkia.

Halafu kuna hili la kunyanyua nywele. Mwaka 1964, wakati gitaa linamaliziwa, familia ya Bulsara iliondoka Unguja baada ya Mapinduzi na kwenda kuanza maisha upya Uingereza. Wakafikia wapi? Feltham! Kijana wa Unguja na kijana wa gitaa walikuwa wanakanyaga mitaa ile ile bila kujuana. Walikuja kukutana baadaye, na Queen ikazaliwa mwaka 1970.

Sasa turudi kwenye swali la Temeke. Inafanyika vipi?

Kwanza elewa kwamba gitaa la umeme si kama la kawaida lenye tumbo kubwa. La kawaida sauti yake inatengenezwa na lile tumbo. La umeme linasikika kwa pikapu, kile kidude kilichokaa chini ya nyuzi. Ndani yake kuna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye waya, unakimbilia kwenye amplifaya, nayo inaupa misuli. Ndiyo maana ukiweka nyuzi za nailoni utapiga mpaka ulie, halisikiki kitu. Brian alianza kwa kujitengenezea pikapu mwenyewe. Zilitoa sauti, ila akivuta uzi pembeni kuupandisha mlio, zikawa zinakoroma. Akaziacha, akanunua tatu za kampuni ya Burns. Kwa hiyo usione aibu kununua pikapu. Uchongaji wako unabaki kuwa wako.

Pili ni mbao. Hapa Mungu ametupendelea. Nenda Keko kwa mafundi samani, ulizia mninga. Ukikauka vizuri haupindipindi ovyo, na unakubali patasi. Mpingo nao mnaujua, ule wa vinyago vya Wamakonde, ambao huko nje wanachongea klarineti na obo. Usifanye kiwiliwili cha mpingo, mgongo utakuuma. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Ila kipande chembamba cha kubandika juu ya shingo, pale vidole vinapotembea, hapo utakuwa umepatia. Cha msingi mbao iwe kavu. Mbao mbichi leo inakuchekea, mwezi ujao imepinda kama ndizi.

Tatu ni shingo, na hapa ndipo wanaume wanapojulikana. Nyuzi sita zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 40. Ni sawa na kumning'iniza mtoto wa darasa la tano kwenye shingo ya gitaa, mchana na usiku. Ndiyo maana ndani yake hupitishwa chuma cha kuizuia isipinde.

Nne ni vile vyuma vya kukatiza shingoni, vinavyoitwa freti. Hapo usitumie jicho, tumia hesabu. Gitaa la Brian urefu wa uzi unaolia ni inchi 24, karibu milimita 610. Gawanya 610 kwa 17.817, unapata 34.2. Freti ya kwanza ikae milimita 34.2 kutoka mwanzo wa uzi. Chukua urefu uliobaki, gawanya tena kwa namba ile ile, unapata 32.3, hiyo ni nafasi ya freti ya pili. Endelea hivyo. Ukifika ya 12, uwe nusu kamili, 305. Ikikataa kuwa nusu, rudi kwenye daftari kabla hujashika msumeno. Freti ikikosewa kwa milimita moja tu, gitaa litaimba kama mbuzi mwenye mafua. Wale mnaosema hesabu haina kazi mtaani, mpo?

Mimi mwenyewe nina kijana yuko kidato cha tatu, naye kashikwa na ugonjwa huo huo. Tulikuwa na kitanda cha mninga cha marehemu babu yake, kimevunjika chaga siku nyingi, kipo stoo kinalala chenyewe. Nikakiangalia, nikaona mfumbati mmoja unatosha kabisa kutoa shingo. Nikamwendea mama yangu kuomba ruhusa, maana kitanda ni cha mumewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Mwanangu, huyo mtoto unamchongea gitaa, au unamchongea balaa?"

Tusicheke. Swali la bibi yake lina uzito. Mtoto ukimpa gitaa na akalipenda kweli, ipo siku atakuambia shule basi. Utafanyaje?

Yule mzee Harold yalimkuta. Mwanawe alikuwa kichwa, alikuwa anasomea udaktari wa falsafa wa elimu ya anga katika chuo cha Imperial, anachunguza vumbi lililoko huko juu kati ya sayari. Mwaka 1974 akaacha, akaenda na bendi. Mzee alikasirika. Baba aliyetoa jioni zake kwa zaidi ya mwaka kusaidia kuliunda gitaa, ndiye aliyeona gitaa hilo hilo linamnyang'anya mtoto. Ubaridi ukaingia kati yao, na ulikaa muda mrefu. Ulikuja kuyeyuka siku mzee alipopelekwa New York, akamwona mwanawe akipiga Madison Square Garden mbele ya umati. Hapo akaelewa.

Mzee Harold alifariki mwaka 1988. Mwaka 2007, zaidi ya miaka 30 baada ya kuacha masomo, Brian alirudi akaimalizia ile kazi ya vumbi la anga na kuwa Dk. Brian May. Baba hakuwepo kuiona. Hilo huwa linanichoma kila nikilifikiria, kwa sababu alichokitaka mzee kilikuja kutimia, ila kilichelewa.

Mama yangu nilimjibu hivi: mama, sijui huyu mtoto atachagua nini. Ninachojua ni kwamba kila Jumamosi mimi na yeye tunakaa uani, mmoja ameshika ubao, mwingine anasukuma randa, na katika kusukuma huko ananiambia mambo ambayo mezani hawezi kuniambia. Nimeshajua nani anamsumbua shuleni. Nimeshajua somo gani linamtisha. Mpaka binti wa nyumba ya tatu nimeshamjua! Kitanda kile kikikaa stoo kitaliwa na mchwa, basi bora kitupe hayo. Mama akafikiri, akasema kibebwe, ila randa isishikwe kabla daftari halijafunguliwa. Na ndiyo sheria ya nyumba mpaka leo. Zile hesabu za freti dogo kazifanya mwenyewe, mimi nimesimamia tu na kikombe cha chai.

Kwa hiyo, kijana wa Temeke, jibu lako ndilo hilo. Anza na mbao kavu, rula ya chuma, msumeno mdogo, patasi, tupa na msasa. Pikapu, nyuzi na vile vya kukazia nyuzi, dunduliza ununue kimoja kimoja. Usikimbilie rangi, rangi ni ya mwisho. Na kama una mzee nyumbani, hata kama hajui gitaa lina nyuzi ngapi, mwombe akushikie ubao unapokata. Usimwambie mengi. Mwambie tu, "baba, hebu nishikie hapa."

Na nyie akina baba vijana mnaosoma kona hii kwa kuibia kazini, mtoto akija na ombi la ajabu ambalo mfuko hauliwezi, kabla hujasema "sina hela" angalia kwanza stoo kuna nini, na Jumamosi una saa ngapi. Paundi 8 zile hata mtu baki angeweza kumkopesha Brian. Mwaka mzima wa jioni za Harold nani angemkopesha?

Haya, tuonane wiki ijayo Mungu akipenda. Na wewe uliyeshaanza kuchonga, angalia vidole, utavihitaji kupigia!