Herufi za mbao zikatwe Kibiti
Safu ya Jumatano, na Mwajuma Ngwele

Anayetaka kuweka majina ya watu wa nyumba yake ukutani kwa vibao vya mbao, kila kibao herufi moja, ana njia mbili: anunue seti iliyotengenezwa nje au akate mwenyewe. Mimi nasema akate mwenyewe, na akiwa mtu wa Kibiti au wa vijiji vya delta ya Rufiji nalisema hilo kwa sauti kubwa zaidi. Tuanze na hesabu. Mtindo huu umeigwa kutoka Scrabble, mchezo wa kupanga vibao vya herufi viwe maneno yanayokatizana, uliobuniwa miaka ya 1930 na Alfred Butts, msanifu majengo wa New York, aliyehesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ya Kiingereza ili ajue kila herufi aitengee vibao vingapi. Seti ya Kiingereza ina vibao 100. E ziko 12, A ziko 9, lakini K ni moja tu, na Z vilevile. Jaribu kuandika KARIBU KWETU kwa seti hiyo: K ya pili huna. Aziza jina lake halikamiliki, na kijiji cha Kikale kinakwama kwenye herufi ya tatu. Q na X, ambazo Kiswahili hakina kazi nazo, zimekaa bure na umekwisha kuzilipia. Vipo vibao viwili vitupu vya kuokolea mchezaji, ila ukutani kibao kitupu ni pengo. Anayekata mwenyewe hukata K kadiri anavyozihitaji, na majina yetu, kwa kuwa silabi zake karibu zote huishia na irabu, hupishana bila taabu: Salama akishuka, Rajabu anamkatiza kwenye A moja, Fatuma kwenye A nyingine.

Hiyo ni sababu nyepesi. Nzito ni mti wenyewe. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa kama hekta 53,000, mkubwa kuliko wowote mwingine Afrika Mashariki, na kwa karne nyingi boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba ya Uajemi. Hata upana wa vyumba vya nyumba za mawe za pwani ulifuata urefu wa boriti. Upande wa nchi kavu habari ikawa ya magogo. Daraja la Mkapa la mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 na kivuko cha Ndundu kikapumzika, malori ya mninga na mkongo kutoka kusini yalipata njia nyeupe. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007, iliyoandikwa na Simon Milledge, Ised Gelvas na Antje Ahrends, ilikadiria kwamba taifa lilikuwa likipoteza mapato ya mbao ya hadi dola milioni 58 za Marekani kwa mwaka, na soko kubwa la magogo hayo lilikuwa China. Iwe boriti au gogo, mwendo ni uleule: mti unaondoka mzima, wa kuuchonga ni wengine, na ujira wa kuuchonga wanaula wao. Sidai kwamba vibao vya herufi vitarudisha mamilioni hayo. Lakini thamani ya kibao, karibu yote, imo mkononi mwa mchongaji, si kwenye ujazo wa mti. Kipande cha mninga cha sentimita 30 kwa 15, ambacho seremala angekitupia jikoni kiwe kuni, kinatoa vibao 8 vya sentimita 7 kila upande. Jina KIBITI linahitaji 6.

Kazi yenyewe haidai mashine, inadai subira. Mninga ndio wa kuanzia, kwa sababu ukishakauka haupindi ovyo na msumeno wa mkono unaumudu. Mpingo utakumalizia meno ya msumeno kabla hujafika herufi ya nne. Tumia kiini chekundu, ile sehemu nyeupe ya pembeni iache, maana bungua huipenda. Halafu kausha, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, hasa huko delta ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima. Kibao kilichokatwa kwenye mbao mbichi hujikunja na pembe zake kunyanyuka, hata ukikipiga vanishi ya bei gani. Vipande vipangwe kivulini na kutenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, tena viachwe miezi, si siku. Baada ya hapo ni randa, skwea na msumeno, kisha msasa namba 80, 120 na 240 kwa kufuata nyuzi za mti, pua na mdomo vikiwa vimefungwa kitambaa kwa kuwa vumbi la mninga huwasha na kubana kifua. Herufi huchorwa kwa kiolezo kilichokatwa kwenye boksi, zikajazwa rangi nyeusi au kuchomwa kwa chuma cha moto. Vibao vigundishwe juu ya papi, na papi ndiyo ipigwe misumari. Ukuta wa udongo hauwezi kubeba msumari kwa kila herufi. Wapo wanaoongeza namba ndogo pembeni kama kwenye mchezo. Huo ni uigaji usio na maana: K imepewa pointi 5 kwa sababu Waingereza hawaitumii sana, kwetu isingestahili zaidi ya 1.

Watetezi wa misitu watasema nafungua mlango mbaya, kwamba leo ni mabaki ya seremala na kesho ni mkomafi. Hofu hiyo ina msingi. Mkomafi ni mti wa mikokoni, mbao yake ni nyekundu na inang'ara ikipigwa randa, na mwenye jicho la fundi hutamani. Jibu langu ni kwamba mkomafi usiguswe, nukta. Mikoko ni hifadhi, na katika delta ya kaskazini imekwisha kupoteza eneo kubwa kwa mashamba ya mpunga. Pia, anayeishi kwa vipande vya sentimita 7 hana faida yoyote ya kuangusha mti mzima, kwa kuwa malighafi yake ipo chini ya meza ya mwenzake. Kinachotakiwa ni anunue mabaki kwa seremala mwenye mbao zilizogongwa nyundo ya misitu na kulipiwa, na aitunze risiti. Ofisi ya misitu nayo isimsumbue mtu mwenye furushi la herufi kituo cha basi kana kwamba kabeba magogo.

Wengine watasema herufi za MDF kutoka China ni rahisi zaidi. Ni kweli, dukani ni rahisi. Zipeleke Nyamisati ukae nazo masika mawili uone zinavyovimba. Na anayedai kwamba maandishi ukutani ni mambo ya kigeni amesahau milango ya Zanzibar yenye aya za Kiarabu juu ya kizingiti, na majina yanayopakwa rangi kwenye majahazi.

Hoja inayonipa shida ni ya soko. Nyumba ngapi za Kibiti zitanunua pambo la ukutani wakati bei ya mchele ni ile tunayoijua? Chache, nakubali. Wasafiri wa Mafia wanaongoja boti Nyamisati watanunua kidogo, maharusi kidogo, nyumba za wageni za barabara ya Kilwa kidogo. Mnunuzi wa uhakika ni darasa la awali. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji herufi ya kushika, na mwalimu anahitaji A nyingi, I nyingi na K zaidi ya moja, yaani seti iliyohesabiwa kwa Kiswahili. Kibao kilekile, msasa uleule, ila kisipakwe rangi yenye sumu kwa kuwa mtoto atakitia mdomoni. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kitakachoomba mkopo huo kwa kazi ya herufi kitaulizwa mteja wake ni nani, na mwenye shule za msingi ni halmashauri hiyohiyo.